Streptomaisini na Wenziwe: Historia ya Dawa za Sindano Zilizotumiwa kwa Pamoja

Kabla ya mwaka wa 1944 kifua kikuu hakikuwa na dawa. Robert Koch alikuwa amekwisha kumdhihirisha mdudu wake mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, na kwa miaka zaidi ya 60 baada ya siku ile waganga walimjua adui kwa sura na kwa jina bila ya silaha ya kumpigia. Mgonjwa aliandikiwa kitanda, hewa safi, maziwa na mayai. Palipokuwa na waganga wenye ustadi, pafu lenye kidonda lililazwa kwa kutiwa hewa kifuani ili lipumzike. Katika Tanganyika hospitali ya Kibong'oto, chini ya Mlima Kilimanjaro, ilianzishwa katika miaka ya 1920 kwa ajili ya wagonjwa wa aina hiyo. Baadhi yao walipona, wengi hawakupona. Hata penisilini, ambayo tangu mwaka 1941 iliustaajabisha ulimwengu kwa kuokoa watu waliokwisha kukatiwa tamaa, haikumdhuru mdudu wa kifua kikuu.

Dawa ya kwanza ilitoka katika udongo. Mwezi wa Oktoba 1943 Albert Schatz, mwanafunzi mwenye umri wa miaka 23 katika Chuo Kikuu cha Rutgers, jimbo la New Jersey, Marekani, alikuwa akiotesha vijidudu vya udongoni katika maabara ya mwalimu wake, Selman Waksman. Akapata kimoja, Streptomyces griseus, kilichotoa kitu chenye kuua vijidudu ambavyo penisilini haikuviweza. Habari hizo zilichapishwa Januari 1944 kwa majina ya watu watatu: Schatz, Elizabeth Bugie na Waksman. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1952 ilikwenda kwa Waksman peke yake, ijapokuwa Schatz alikuwa amemshtaki mwalimu wake mwaka 1950 na kukubaliwa kuwa mvumbuzi mwenzake. Ugomvi huo una historia yake, nao haubadili habari za dawa yenyewe. Huko Minnesota, katika Mayo Clinic, William Feldman na Corwin Hinshaw waliijaribu kwanza kwa simbilisi walioambukizwa makusudi, kisha Novemba 1944 kwa mwanamke wa miaka 21 ambaye mapafu yake yalikuwa yakizidi kuharibika. Alipona, akaolewa, akazaa watoto.

Yako mambo mawili katika tabia ya streptomaisini ambayo yalitawala historia yake yote. Ikimezwa, hupita tumboni na kutoka karibu kama ilivyoingia. Haifiki katika damu. Ilipasa basi ipigwe kwa sindano msulini. Na ikiisha kuingia katika damu, haina njia ya kutokea ila figo. Kwa hiyo dawa hii ilihitaji mkono wa mtu mwingine, sindano iliyo safi, na figo zilizo nzima. Na mgonjwa asiye na kimoja katika hivyo vitatu alikuwa hatarini kwa dawa ile ile iliyokusudiwa kumwokoa.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili Uingereza ilikuwa na wagonjwa wengi na fedha chache za kununulia dawa Marekani. Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo lilipata kiasi kidogo tu, kisichoweza kuwatosha wote. Mtaalamu wa hesabu, Austin Bradford Hill, aliona kwamba maadam dawa haitoshi, haki ilikuwa ni kuigawa kwa kura, na kwamba kura hiyo hiyo ingewezesha kujulikana kwa yakini kama dawa inafaa. Mwaka wa 1947 wagonjwa vijana 107, wenye kifua kikuu kikali cha mapafu yote mawili, waligawanywa kwa bahasha zilizofungwa: 55 wapewe streptomaisini pamoja na mapumziko ya kitandani, 52 wapewe mapumziko peke yake. Wale 55 walipigwa sindano kila baada ya saa 6, gramu 2 kwa siku, kwa muda wa miezi 4. Taarifa ilitoka katika jarida la madaktari wa Uingereza tarehe 30 Oktoba 1948. Mwishoni mwa miezi 6 walikuwa wamekufa 4 kati ya wale 55, na 14 kati ya wale 52.

Taarifa hiyo husifiwa mpaka leo kuwa mwanzo wa majaribio ya tiba yenye kuaminika, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini aghalabu wanaoisifu huishia kwenye hesabu ya miezi 6. Waandishi wake wenyewe hawakuishia hapo. Waliwapima tena wadudu waliotoka katika makohozi ya wagonjwa 41 waliotibiwa, wakaona kwamba katika wagonjwa 35 wadudu hao walikuwa wamekwisha kuwa sugu: streptomaisini haikuwaua tena. Wagonjwa walifuatwa kwa miaka 5. Ilipofika mwaka wa 1954 ikatangazwa kwamba kati ya wale 55 waliopewa dawa wamekufa 32, na kati ya wale 52 waliokosa wamekufa 35. Tofauti iliyokuwa kubwa kama mchana na usiku ilikuwa imebaki watu wachache. Dawa ilikuwa imewakopesha wagonjwa muda, kisha wadudu wakaudai.

Sababu yake ni rahisi kuifahamu kwa hesabu. Katika shimo moja la pafu bovu mna wadudu mamia ya milioni. Wadudu hao wazaapo hutokea kwa nadra mmoja ambaye umbile lake limebadilika kidogo, na kwa bahati yake, wala si kwa kukusudia, badiliko hilo humkinga na dawa fulani. Tuseme kwa mfano kwamba ni mmoja katika milioni 10. Katika wadudu milioni 500 watakuwamo 50 wa namna hiyo kabla mgonjwa hajapigwa hata sindano ya kwanza. Dawa ikiwa moja, huwaua wengine wote, na wale 50 hubaki na nafasi yote ya kuzaana. Mgonjwa hunawiri kwa miezi miwili mitatu, homa hushuka, kikohozi hupungua. Kisha huugua upya kwa wadudu wengine kabisa. Lakini mdudu awezaye kuzihimili dawa mbili zisizofanana hana budi kubahatika mara mbili kwa wakati mmoja, na bahati hiyo ni moja katika milioni 10 mara milioni 10. Mdudu wa namna hiyo haelekei kuwamo kifuani mwa mtu yeyote.

Dawa ya pili ilikwisha kuwapo. Jörgen Lehmann, mtaalamu wa Gothenburg katika Sweden, alikuwa ameifikiria tangu mwaka 1943 kwa kutazama jinsi asidi ya dawa ya maumivu inavyoamsha pumzi ya mdudu wa kifua kikuu. Akaomba itengenezwe asidi inayofanana nayo lakini yenye kumhadaa mdudu. Ikajulikana kwa herufi tatu tu, PAS. Ilikuwa ya kumeza, chungu, ya kichefuchefu, na mgonjwa alipaswa kumeza gramu nyingi kila siku. Peke yake ilikuwa dawa hafifu. Baraza lile lile la Uingereza likaanza Desemba 1948 kuijaribu pamoja na streptomaisini, na matokeo yakajitokeza upesi: katika waliopigwa streptomaisini peke yake, zaidi ya nusu walipata wadudu sugu, katika waliopewa zote mbili, karibu mmoja katika 10. Kilichookoa hakikuwa nguvu ya PAS. Kazi yake ilikuwa ni kumlinda mwenzake asiharibiwe.

Mwaka 1952 ikaja isoniazidi, ya kumeza, rahisi, yenye nguvu. Ilikuwa imetengenezwa mjini Prague tangu mwaka 1912 na watu ambao hawakuijua kazi yake, ikakaa miaka 40 kama ufunguo uliokosa mlango. Ilipojaribiwa katika hospitali ya Sea View, New York, magazeti yalichapisha picha za wagonjwa wakicheza dansi. Na ilipotolewa peke yake usugu ukazuka kama kwanza, ilistahili kutarajiwa. Aliyelishika somo hilo kwa ukali kuliko wengine ni John Crofton wa Edinburgh. Yeye na wenzake waliwapa wagonjwa wapya dawa zote tatu tangu siku ya kwanza, wakapima wadudu wa kila mmoja, na kila mgonjwa aliyerudi kuugua walimchunguza kwa makini kama inavyochunguzwa ajali ya garimoshi: dawa gani, kwa kipimo gani, ni nani aliyekosea. Crofton alisema wazi kwamba lengo ni kuwaponya wote. Wengine walidhani hesabu zake zimetiwa chumvi. Baadaye walipofuata njia yake wakapata hesabu zile zile.

Lakini kuungana kwa dawa kulizuia usugu tu. Hakukuondoa sumu ya sindano. Katika wale 55 wa mwaka 1947, wagonjwa 36 walipatwa na kizunguzungu. Streptomaisini huharibu sikio la ndani, ambamo mna chembe zenye nywele nyembamba, nyingine za kusikia na nyingine za kumwezesha mtu kusimama wima na kwenda bila ya kuyumba. Chembe hizo zikifa hazioti tena. Vijana wengi walijifunza kutembea upya kwa kutumia macho yao, lakini gizani walipepesuka kama walevi. Wauguzi waliochanganya dawa kila siku walivimba na kuwashwa mikono, hata ikabidi wavae mipira. Mwandishi George Orwell, aliyelazwa Hairmyres karibu na Glasgow mwaka 1948, aliletewa dawa hiyo kutoka Marekani kwa msaada wa rafiki yake David Astor na kwa idhini ya serikali. Ngozi yake ikababuka, kucha zikaharibika, kinywa kikajaa vidonda. Ikalazimu iachwe, na iliyosalia ikapewa wagonjwa wengine. Alikufa tarehe 21 Januari 1950.

Katika jitihada ya kuepuka kizunguzungu lilitendeka kosa ambalo halikumbukwi inavyostahili. Wakemia waliibadili streptomaisini kidogo wakapata dihidrostreptomaisini, iliyoyumbisha watu kwa nadra zaidi. Ikapokewa kwa furaha na kupigwa kwa wingi. Ilichukua miaka kadhaa kufahamika kwamba dawa hii iliacha sehemu ya sikio inayoshika mizani ikashambulia ile ya kusikia, tena kwa siri: uziwi uliweza kuanza majuma au miezi baada ya sindano ya mwisho, wakati daktari amekwisha kumwaga mgonjwa wake. Watengenezaji wengine wakaziuza hizo mbili nusu kwa nusu katika chupa moja, kwa hoja kwamba kila sumu itakuwa nusu. Hoja hiyo ilikuwa ya karani wa duka. Kizunguzungu ni dhara linaloonekana mapema na kumwonya daktari. Uziwi ule haukuonya, nao haukuwa na kurudi.

Hapo ndipo lilipo jambo linalopasa kuangaliwa kwa uangalifu katika historia hii, maana neno «pamoja» lilianza kutumiwa kwa maana mbili. Katika miaka ya 1950 chupa za sindano zenye penisilini na streptomaisini ndani yake zilijaa madukani duniani kote. Ule muungano una mahali pake pa haki: tangu mwaka 1947 ilijulikana kwamba maradhi fulani ya vilango vya moyo, yanayoletwa na kijidudu ambacho penisilini humlemaza tu bila ya kumwua, huponywa pale penisilini inapoubomoa ukuta wake na streptomaisini ikapita katika ufa huo. Lakini chupa zile hazikutumiwa kwa moyo. Zilipigwa kwa kikohozi, kwa jipu, kwa homa isiyotambuliwa, kwa fikira kwamba kisichouawa na hii kitauawa na ile. Mwenye kifua kikuu kisichojulikana aliyepigwa chupa hiyo kwa juma moja alikuwa amepewa streptomaisini peke yake, kwa kuwa penisilini haimgusi mdudu wake. Akapata nafuu ya uongo na wadudu sugu wa kweli.

Kwamba mbili si lazima zizidi moja kulionyeshwa mwaka 1951 kwa namna ya kuogofya. Mark Lepper na Harry Dowling, waganga wa Marekani, walilinganisha wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo iletwayo na nimokoka. Wengine walipewa penisilini nyingi peke yake, na wengi wao wakaokoka. Wengine 14 walipewa penisilini hiyo hiyo pamoja na klotetrasaiklini, dawa mpya iliyosifiwa sana. Walikufa 11. Maelezo yake ni haya: penisilini humwua kijidudu anayekua, kwa kuuharibu ukuta anaoujenga, klotetrasaiklini humzuia asikue. Kijidudu aliyesimamishwa na dawa ya pili hakuwa na ukuta mpya wa kuharibiwa na ya kwanza, na katika maji ya uti wa mgongo, ambamo ulinzi wa mwili ni mchache, kusimamishwa hakutoshi. Dawa mbili nzuri ziliwaua watu ambao moja yao ingaliwaponya. Hata hivyo ilipita miaka 18 ndipo jopo la wataalamu wa Marekani lilipotoa hukumu, mwaka 1969, dhidi ya michanganyiko ya kudumu ya viuavijasumu katika chupa au kidonge kimoja, ule wa penisilini na streptomaisini ukiwa miongoni mwake. Waganga wengi walilalamika kwamba wananyang'anywa haki ya kuchagua. Kwa kweli chupa ile ndiyo iliyokuwa imewanyang'anya, kwa kuwa haikumruhusu daktari kupunguza kipimo cha streptomaisini kwa mzee mwenye figo dhaifu bila ya kupunguza na penisilini.

Afrika ya Mashariki iliingia katika historia hii kwa mlango wa umaskini, ikatoka nayo ikiwa mwalimu. PAS ilikuwa ghali, nzito na chungu. Mgonjwa wa kijijini hakuweza kubeba mzigo wa mwezi mmoja, wala wizara haikuweza kuununua. Kuanzia miaka ya 1950 waganga wa Kenya, Uganda na Tanganyika, wakishirikiana na Baraza la Utafiti la Uingereza, walitafuta mwenzi mwingine wa isoniazidi. Wakamwona katika thiasetazoni, dawa ya Kijerumani ambayo nchi tajiri zilikuwa zimeiacha kwa sababu ya madhara yake. Majaribio yao, moja baada ya jingine, yalipima miligramu kwa miligramu, mpaka ikajulikana kwamba miligramu 150 za thiasetazoni na 300 za isoniazidi, zikimezwa mara moja kwa siku, zinafaa na zinavumilika kwa watu wa nchi hizi. Ikaonekana tena kwamba matokeo huwa bora zaidi streptomaisini ikipigwa kila siku katika majuma 8 ya mwanzo, wakati wadudu wanapokuwa wengi kupita kiasi na bahati ya kuzuka sugu ni kubwa. Basi sindano ikapewa kazi yenye mwanzo na mwisho.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Sindano 60 kwa siku 60 zilimaanisha ama kumlaza mgonjwa hospitali miezi miwili, mbali na shamba lake, ama kumtembeza kila siku mpaka zahanati. Mabomba ya kioo yalichemshwa katika sufuria, na palipokosekana kuni au mafuta ya taa yalichemshwa kwa haraka. Baada ya vidonge viwili vya bei nafuu kupatikana, gharama kubwa ya tiba ilihamia katika kitanda na katika miguu ya mgonjwa. Muda wote ulikuwa miezi 12 hadi 18, na wengi waliacha njiani, si kwa ukaidi, bali kwa kuwa walijisikia wamepona.

Ndiyo maana jaribio lililoanza mwaka 1970 katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia lina cheo kikubwa katika tiba ya karne ya ishirini. Wallace Fox na Denis Mitchison, wakiwa London, walikuwa na swali moja: je, miezi 6 inaweza kutosha? Wagonjwa wote wa miezi 6 walipewa streptomaisini na isoniazidi kila siku. Kundi moja halikuongezewa kitu; la pili liliongezewa thiasetazoni; la tatu pirazinamidi; la nne rifampisini, iliyotokana na kijidudu kilichopatikana katika udongo wa msitu wa misonobari kusini mwa Ufaransa. Karibu wote walisafika makohozi. Tofauti ilionekana walipoachishwa dawa. Katika kundi lisiloongezewa kitu walirudi kuugua 29 katika kila 100. La thiasetazoni, 22. La pirazinamidi, 8. La rifampisini, 3 tu, sawa na waliotibiwa miezi 18. Ikafahamika kwamba kuzuia usugu ni kazi moja na kuwamaliza wadudu waliolala ni kazi nyingine, na kwamba dawa inayofaa kwa ya kwanza huenda isifae kwa ya pili. Tiba ya miezi 6 inayotolewa leo duniani kote imejengwa juu ya wagonjwa hao wa Afrika, ambao majina yao hayakuandikwa katika jarida lolote. Tanzania ilipoanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na Karel Styblo kuwa mshauri wake, njia ya kumsimamia mgonjwa amezapo dawa ilipata muundo ambao Shirika la Afya Duniani liliuiga baadaye kwa nchi nyingine.

Kisha ukaja UKIMWI, ukabadili hesabu za usalama zilizokuwa zimekubaliwa. Mwaka 1991 ilitangazwa kutoka Nairobi kwamba kati ya wagonjwa wenye virusi hivyo waliopewa thiasetazoni, kama mmoja katika 5 alibabuka ngozi, wengine mpaka kufa. Kati ya wasio na virusi, ni mmoja tu katika 100. Dawa iliyochaguliwa kwa uangalifu kwa ajili ya watu wa nchi hizi ikawa haifai kwa wengi wao. Sindano nayo ikatazamwa kwa jicho jipya, kwa kuwa bomba lisilochemshwa sawasawa liliweza kumponya mtu kifua na kumwachia mauti mengine. Ethambutoli, ya kumeza, ikachukua nafasi ya streptomaisini kwa wagonjwa wapya.

Lakini sindano haikuondoka. Kuanzia mwaka 1991 mwongozo wa dunia ulielekeza kwamba mgonjwa aliyerudi kuugua apewe zile zile dawa za kwanza, na aongezewe streptomaisini kwa miezi 2. Ni vigumu kuufahamu uamuzi huo bila ya mshangao. Tangu siku za Crofton kila mwanafunzi wa kifua kikuu alifundishwa kwamba dawa moja haiongezwi kamwe katika tiba iliyoshindwa, kwa sababu ikiwa zile nyingine zimekwisha kushindwa, hiyo mpya iko peke yake vitani, kama streptomaisini ya mwaka 1947. Uko utetezi: maabara za kupima usugu zilikuwa chache, na wengi waliorudi walikuwa wameacha tiba tu, si kwamba wadudu wao walikuwa sugu. Kwa hao sindano 60 zilikuwa adhabu isiyo na haja. Kwa wale wenye wadudu sugu hazikutosha. Mwongozo huo uliondolewa mwaka 2017, baada ya miaka 26.

Wenye wadudu sugu kwa isoniazidi na rifampisini pamoja walipewa ndugu za streptomaisini: kanamaisini, amikasini, na pamoja nazo kapreomaisini, kila siku kwa miezi mingi. Tanzania ilianza kuwatibu Kibong'oto mwaka 2009, katika ile hospitali ya hewa safi. Popote tiba hiyo ilipotolewa, wengi walitoka wakiwa wamepona na wasiosikia. Kumlinda mgonjwa kulitaka apimwe uzito ili kipimo kilingane nao, figo zake zipimwe kila mwezi, na masikio yake yapimwe kwa mashine kabla ya sindano ya kwanza na mara kwa mara baadaye, kwa kuwa sauti nyembamba kabisa hupotea kwanza na mgonjwa mwenyewe hajui. Mashine hizo zilikuwa chache. Mwaka 2018 Afrika ya Kusini ilitangaza kuiweka bedakwilini, ya kumeza, mahali pa sindano. Na Shirika la Afya Duniani likasema mwaka huo huo kwamba kanamaisini na kapreomaisini zisitumiwe tena. Tangu mwaka 2022 tiba ya miezi 6 isiyo na sindano hata moja inapendekezwa kwa wengi wa wagonjwa hao.

Hata hivyo iko familia moja ya maradhi ambayo ndugu mwingine wa streptomaisini bado anahitajiwa. Mtoto mchanga aliyeingiwa na vijidudu katika damu huweza kufa kwa siku moja, na hakuna wakati wa kungoja maabara itaje jina la adui. Kwa hiyo hupewa penisilini au ampisilini, pamoja na jentamaisini iliyopatikana mwaka 1963: ile huvunja kuta, hii huingia ndani, na kila moja hufika kwa vijidudu ambavyo mwenzake havimudu. Usalama wake uko katika mambo madogo. Kipimo hufuata uzito wa mtoto kwa gramu, kwa kuwa figo zake hazijakomaa; sindano za jentamaisini ni mara moja kwa siku, na kwa siku zilizohesabiwa; tena dawa hizo mbili, ambazo hazina budi kukutana ndani ya mwili, hazichanganywi ndani ya bomba moja, maana ilijulikana tangu miaka ya 1970 kwamba penisilini huiharibu jentamaisini zikikaa pamoja.

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Kenya, Nigeria na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa wachanga wenye dalili za maambukizi makali ambao wazazi wao hawakuweza kuwafikisha hospitali, au hawakukubali. Wengine walipigwa sindano za penisilini na za jentamaisini kwa siku 7, jumla 14. Wengine walipewa amoksisilini ya kunywa kwa siku 7, na jentamaisini kwa siku 2 za kwanza tu: sindano 2. Makundi hayo hayakupitana kwa kupona wala kwa kufa.